Alisema Anakwenda Ndani

Ndugu zangu wa gatini, na ninyi wa huko mjini mnaokula samaki bila kuuliza katoka wapi, nipeni sikio. Nina neno. Si umbea, maana mnanijua, umbea huwa naushushia sauti. Hili nalisema kwa sauti yangu yote, na aliyefiwa ameniruhusu.

Mimi ni muuza barafu. Duka langu liko pale gati linapoanza, lenye mlango wa bati na mashine inayonguruma hata watu wakalazimika kusemeshana masikioni. Wavuvi huniita Dada Barafu, hata wale ambao ningeweza kuwazaa. Kila boti inayotoka hupita kwangu kwanza, kwa sababu samaki bila barafu ni harufu tu.

Asubuhi ninayotaka kuwaelezeni ilikuwa njema. Bahari ilikuwa imelala, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani. Wanaume walikuwa wamepanga foleni na masanduku yao, wanataniana, mmoja anakunywa chai huku amesimama, mwingine anamcheka mwenzake aliyevaa fulana ya mkewe kwa bahati mbaya. Msimamizi wa gati alikuwa ametoka kuwatangazia kwamba huko mbali sana kumepita dhoruba, kwa hiyo mawimbi marefu yatafika siku hiyo. Aliwaambia wanaokwenda nje wasiwe na wasiwasi, ila asiye na shughuli ya lazima asikaribie miamba.

Ngoja niwaeleze hapa, kwa ajili ya wasioijua kazi hii. Sisi tuna bahari mbili. Kuna ndani, yaani maji ya karibu, yenye mikondo na miamba, ambako ukigeuka unaona paa la nyumba yako. Na kuna nje, kule kwenye kina, ambako nchi kavu haionekani tena. Maji yakichafuka na pepo zikavuma, watu huvua ndani, wakapata kolekole na changu wa kutosha mboga. Maji yakisafika na bahari ikatulia, kila mwenye injini hukimbilia nje kufuata jodari. Na mtu wa nchi kavu hudhani nje ndiko kwenye hatari na ndani ni salama. Siku ya mawimbi marefu ni vingine kabisa. Wimbi la namna hiyo, ukiwa nje kwenye kina, linakuinua na kukushusha taratibu, unaweza hata kusinzia. Likifika ndani, kwenye maji mafupi, linagusa chini, linasimama wima, linavunjika. Hapo ndipo linapoua watu.

Basi, katika foleni ile, tangazo limeshapita, akaja mtu tuliyemwita Kinyume.

Jina hilo alipewa na gati zima na alilistahili. Ukimuuliza Kinyume leo wapi, akikujibu nje, ujue anakwenda ndani. Akikwambia anakwenda upande wa jua linakochomoza, wewe mtafute linakozama. Kusema haki, hapa hakuna mvuvi asiyedanganya kuhusu mahali anapovua. Ni mchezo wetu wa zamani. Unamuuliza mtu, anakudanganya, unajua kakudanganya, naye anajua kwamba unajua, mnacheka, kila mtu anakwenda zake. Lakini wengine walikuwa wanacheza. Kinyume hakuwa anacheza.

Alipokuwa kijana alipata mahali pazuri huko nje, akamwonyesha rafiki yake mmoja kwa mapenzi tu. Siku iliyofuata alikuta boti zimesongamana mahali pale, na rafiki yake yuko katikati, anampungia mkono. Toka hapo alifunga mdomo. Akawaacha wenzake wa boti mmoja mmoja, akawa anavua peke yake ili pasiwe na ulimi mwingine ndani ya boti isipokuwa wake. Mtu mzima, na bahari yote ile, hana hata wa kumwambia "shika kamba hii".

Sanduku lake lilikuwa kubwa kuliko mahitaji yake. Kulikuwa na sababu. Mimi, kwa barafu tu, najua mtu anakokwenda. Anayekwenda ndani huchukua nusu sanduku, kwa kuwa mchana yuko nyumbani. Anayekwenda nje hujaza mpaka kifuniko kinakataa. Wavuvi nao si wajinga, huchungulia masanduku ya wenzao kwenye foleni. Asubuhi ile nyuma ya Kinyume alisimama nahodha mmoja aitwaye Mrefu, ambaye Kinyume alimhesabu kuwa adui yake mkubwa kwa kosa moja tu, kwamba Mrefu alijua kuvua.

"Jaza," Kinyume akaniambia, akihakikisha Mrefu amesikia. Nikajaza.

Mrefu akacheka, akasema jodari wa leo wamekwisha, Kinyume kawawahi. Wakaondoka wote kwa furaha. Kinyume alielekeza boti yake nje, na ilipopita mwisho wa miamba hatukuiona tena.

*

Sasa twendeni nyumbani kwake. Haya ninayoyasema aliniambia mkewe mwenyewe, tukiwa tumekaa kwenye benchi la duka langu.

Mkewe ni mshonaji, nasi tunamwita Fundi. Wana nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nyavu, cherehani iko dirishani, na binti yao mmoja aliolewa mbali. Fundi ni mtu wa maneno machache, lakini si mtu wa kununa. Miaka ya mwanzo Kinyume alikuwa akimwambia karibu kila anakokwenda. Halafu siku moja, akimpima nguo mke wa Mrefu, wakiwa katika mazungumzo ya kawaida ya wanawake, Fundi akasema mume wangu yuko huko na huko leo. Hakuwa na nia yoyote. Neno likasafiri kwa miguu yake lenyewe, na wiki ile Kinyume akamkuta Mrefu mahali pake.

Kinyume hakupiga kelele. Heri angepiga. Alianza tu kumpa mkewe majibu aliyokuwa akiwapa watu wa gatini.

Fundi alijaribu kumweleza. Aliniambia alimwita siku moja wakiwa wanakula, akamwambia, "Baba, mimi siulizi samaki. Nakuulizia wewe. Nataka nikikaa hapa nijue nitazame upande gani." Kinyume akajibu amemwelewa. Kesho yake akamwambia anakwenda nje, akaenda ndani.

Bandu bandu huisha gogo. Uongo wa baharini ukapanda nchi kavu, ukavua viatu, ukaingia chumbani. Akiwa anakwenda kunyoa atasema anakwenda kununua kamba. Akiumwa atasema hajambo. Binti akipiga simu kuuliza baba yuko wapi, mama yake hujibu yuko baharini, kwa kuwa hilo ndilo pekee alilokuwa na hakika nalo. Fundi akajifunza kugeuza. Mume akisema hivi, yeye kichwani anageuza, anaendelea kushona. Aligeuza miaka mingi mpaka ikawa kazi isiyohitaji akili, sawa na kukanyaga cherehani. Na kweli alikuwa anapatia. Nimewahi kumsikia akimwambia mtu mume wake atarudi mapema, maana kasema atachelewa. Tulicheka sana siku hiyo, na yeye alicheka nasi.

Lakini ndugu zangu, mnajua upweke wa kuishi na mtu ambaye kila neno lake lazima uligeuze? Anayeishi peke yake walau ana ukimya wake. Fundi alikuwa na mume mezani, sahani mbili, vikombe viwili, na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa anaacha chakula amekifunika kwa sahani nyingine, na kwa namna sahani ilivyofunikwa upya ndivyo alivyojua mume amerudi, amekula, amelala.

Kuna jambo moja alilifanya bila kuulizwa. Alichukua masalio ya koti la mvua la rangi ya machungwa, akayaunganisha, akashona kitambaa kikubwa chenye pindo imara na vishikizo pembeni. Akampa mumewe akamwambia ukipatwa na jambo, kifunge kwenye kasia, ukisimamishe juu. Kinyume alikicheka. Alisema kitambaa hicho kitawaonyesha watu mahali pake. Hata hivyo alikikunja akakiweka chini ya kiti cha boti.

Basi, mwaka huu Fundi alichoka. Hakugomba, hakurudi kwao. Aliacha tu kuuliza. Jioni ikifika anapakua, anakula chake, anarudi kwenye cherehani. Wala neno "kesho wapi" halikutoka tena kinywani mwake.

Kinyume, mtu aliyeyakimbia maswali umri wake wote, akaanza kuona nyumba imekuwa kubwa. Alikuwa anakohoa ili aulizwe. Alikuwa anaandaa mishipi sebuleni, mahali ambapo mkewe lazima apite, anaifungua na kuikunja tena. Hakuulizwa.

Na jioni ya kuamkia siku ile, jua halijazama, wamemaliza kula, akavuta kiti karibu na cherehani, akasema bila kuulizwa na mtu:

"Mama, kesho naenda ndani. Nyuma ya miamba, kwenye ule mkondo mwembamba. Maji yanageuka sasa hivi. Watu wote wanakimbilia jodari, kumbe siku hizi chache nguru wanawafuata dagaa mpaka mule ndani. Sijawahi kumwambia mtu."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo siri yake iliyo bora kuliko zote, ile aliyoilinda toka ujana. Kila mwaka, katika majira yale mafupi ya maji kubadilika, sisi tulidhani Kinyume yuko nje na wengine, na yeye alikuwa hapa hapa karibu, anavuta nguru peke yake. Alikuwa hana zawadi nyingine ya kumpa mkewe. Akampa hiyo.

Fundi hakuinua macho. Mguu wake haukuacha kukanyaga. Kichwani akageuza, kama kawaida. Anakwenda nje. Akajibu, "Haya."

Kinyume akakaa kidogo pale kitini, halafu akaenda kulala.

*

Siku ile boti za nje zilirudi alasiri, moja baada ya nyingine, zimejaa. Gati lilikuwa na kelele za furaha. Nilikuwa nashindilia barafu kwenye matenga, mikono imekufa ganzi, nilipomwona Fundi amesimama mlangoni, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakuwa na kawaida ya kushuka gatini. Aliniuliza kama nimemwona mzee.

Nikatazama zilizofungwa. Boti yake haikuwapo.

Tukawauliza waliotoka nje. Hakuna aliyemwona. Hilo halikuwashangaza, kwani Kinyume hakuwa mtu wa kuonekana. Lakini jua lilikuwa linashuka, na hata Kinyume hurudi kabla ya soko la jioni kufunga. Mrefu, yule adui yake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaacha matenga yake na kuanza kujaza mafuta upya. Samaki wake wote wakabaki juani, mimi ndiye niliyewafunika.

Alimjia Fundi akamuuliza kwa upole, "Shemeji, alikwambia anakwenda wapi?"

"Alisema anakwenda ndani," Fundi akajibu.

Watu wakatabasamu. Sisemi walikuwa wabaya. Walitabasamu kwa mazoea, na mazoea yana taabu. Fundi mwenyewe alitabasamu kidogo.

"Basi yuko nje," Mrefu akasema.

"Yuko nje," mkewe akakubali.

Wakanigeukia mimi, nikawaambia nilichokijua, kwamba alichukua sanduku zima mpaka kifuniko kikakataa. Sikudanganya, na mkiniuliza leo nitawajibu hivyo hivyo, maana ndivyo alivyochukua. Alichukua ili kumdanganya Mrefu, na sasa ni Mrefu aliyekuwa anakwenda kumwokoa.

Boti zikatoka zote. Ilikuwa ni fahari kuziona, na inaniuma kuikumbuka fahari ile. Watu waliochoka toka alfajiri, hawajala, wanakwenda kumtafuta mtu ambaye hajawahi kuwaambia neno moja la kweli. Zilipita kwenye mlango wa bandari, zikaiacha miamba ubavuni, zikaelekea kwenye kina. Kila mtu alikuwa anatazama mbele.

Fundi alikaa kwenye benchi langu. Niliizima mashine ili tusikie kama kuna injini inarudi. Bila mashine ile duka langu ni mahali pa huzuni, maji yanadondoka tu. Ndipo aliponieleza mambo yote ya nyumbani ambayo nimewaeleza ninyi, kidogo kidogo, akiuzungusha utepe wake kidoleni. Alipofika kwenye maneno ya jana yake, akanitazama. Kidole kikasimama.

"Alisogeza kiti," akasema. "Dada, alisogeza kiti karibu. Akidanganya huwa anasema akiwa anatoka mlangoni."

Tuliinuka pamoja, tukaenda mbio kwa msimamizi wa gati. Giza lilikuwa limeshaingia. Boti zote kubwa ziko nje, mbali, hakuna simu inayofika huko. Palibaki mitumbwi miwili. Maji yalikuwa yanapwa, na toka kwenye miamba tulisikia mawimbi marefu yanavunjika, moja, kimya, jingine, kimya. Vijana wawili walijitolea. Msimamizi akawazuia, akasema akiwapeleka kule gizani atakuwa na maiti mbili za hakika kwa ajili ya mtu mmoja wa kubahatisha. Fundi hakumlaumu wakati ule, na mpaka leo hajamlaumu.

Aliyemkuta ni mama anayeokota chambo kwenye miamba maji yakitoka. Ilikuwa asubuhi, kumepambazuka vizuri. Alizunguka jiwe la mwisho akaona kasia limekitwa katika ufa, na juu yake kitambaa cha rangi ya machungwa, pindo zake zote nzima. Chini yake alikuwa amelala Kinyume.

Alikuwa hai.

Boti iligongwa na wimbi akiwa ametia nanga, mchana bado mchanga. Alivunjika mguu, akajiburuta juu ya jiwe, na maji yalipojaa yalimfika kifuani, yakampiga jioni yote na alfajiri tena. Sanduku la barafu lilisukumwa ufukweni, limefungwa vizuri, lina maji matamu tu ndani. Hapakuwa na samaki hata mmoja.

Hospitali walifanya waliloweza. Mguu ungepona, alisema daktari, lakini mapafu yalikuwa yameingia maji na kifua kimewaka moto. Aliweza kuzungumza kidogo siku ile. Mrefu alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, nguo bado zina chumvi iliyokauka, na mkewe upande wa pili. Mimi nilisimama miguuni.

"Niliwaona mkipita," Kinyume akamwambia Mrefu. "Zote. Nilikuwa natikisa kitambaa."

Mrefu, mwanamume mkubwa yule, akafunika uso kwa mikono yake.

Halafu Kinyume akamgeukia mkewe. Alimtazama muda mrefu, akasema, "Mama. Nilikwambia."

"Uliniambia," Fundi akajibu.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alifariki.

Fundi aliniambia baadaye kwamba mumewe hakuyasema maneno yale kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayeshangaa tu. "Ningeomba angekasirika," alisema. "Hasira ningejua namna ya kuishi nayo."

Tulimzika, watu wakawa wengi, wengi kuliko marafiki aliokuwa nao akiwa hai. Gati lilifungwa siku hiyo. Na lilipofunguliwa, foleni ikapangwa mlangoni kwangu kama zamani, ila hakuna aliyetania. Mrefu alipofika mbele, aliweka sanduku chini, akasema kwa sauti ambayo hata mashine haikuifunika, kwamba anakwenda nje, akataja upande, akataja kina, akataja alama za nchi kavu anazozitumia kupapata mahali pale. Siri ya nyumba yao, aliyoachiwa na baba yake. Watu wakatazama chini. Aliyemfuata akataja pake. Na aliyemfuata.

Sitawadanganya, maana nimechoka na uongo. Wapo walioibiana. Mahali pawili patatu palivuliwa mpaka pakaisha samaki, na ugomvi ulikuwepo. Baadaye tukakubaliana jambo jepesi. Kila anayechukua barafu ananiambia mimi, sikioni, anakokwenda kweli, nami neno lake naliweka kifuani. Akirudi nalitupa. Asiporudi nalitoa. Mimi mwenye ulimi huu mnaoujua, kwa hilo nimekuwa kaburi.

Fundi bado anashona. Wenye boti wote sasa wanakitaka kile kitambaa, na anawashonea, rangi ile ile, pindo zile zile. Lakini cherehani ameigeuza. Zamani ilitazama dirishani. Siku hizi inatazama ukutani, kwa sababu dirishani, nyuma ya paa la ghala la nyavu, inaonekana miamba. Binti yake alimwita akaishi naye, akakataa. Jioni anapakua sahani moja. Juzi nilimtembelea nikamkuta ameifunika kwa nyingine, chakula kiko ndani kinapoa, na yeye amekaa mbele yake. Nilimuuliza anamngoja nani. Akasema hamngoji mtu, mkono tu umezoea.

FUNZO LA HADITHI HII

Mficha uchi hazai, na mficha njia hapatikani. Mwenye mali ana haki ya kuilinda, sikatai. Mfiche jirani, mfiche mshindani, hata mimi nifiche bei uliyouzia samaki. Lakini awepo mtu mmoja chini ya jua ambaye neno lako kwake ni neno, kila siku, katika makubwa na katika madogo. Kweli haiwekwi akiba ikatolewa siku ya shida. Ukiitoa mara moja baada ya miaka ya uongo, itakuwa kweli, lakini haitakuwa na wa kuipokea.

Na ninyi mnaodanganywa, nanyi sikieni. Msizoee. Siku mtakapoanza kucheka na kugeuza, ijapokuwa mnapatia, jueni mmeshampoteza mtu huyo, na hata akisogeza kiti karibu hamtamwona. Gombeni. Lieni. Simamisheni cherehani, mwinue macho, mumuulize tena.

Na wewe baba, wewe kijana, unayeandaa mishipi yako jioni ya leo na mtu akakuuliza kesho wapi, mjibu. Haulizi samaki. Anakuulizia wewe.